Kukata Rufaa kwa Hukumu ya Mauaji ya "Nia ya Pamoja": Maswali Tunayoulizwa na Ndugu wa Wafungwa

Ukurasa huu ni kwa ndugu wa mtu aliyetiwa hatiani Tanzania Bara kwa kuua kwa kukusudia, ilhali hakuna shahidi aliyesimama akasema yeye ndiye aliyeshika panga. Kesi za namna hii ni nyingi. Watu wanne, sita au kumi wanapandishwa kizimbani kwa kifo kimoja, na mwisho wa siku hukumu inawazoa wote. Namba za vifungu tunazotaja ni zile zilizozoeleka kabla ya Toleo la Sheria la 2023 kuanza kutumika Julai 2025. Baadhi zimehama, kwa hiyo anayeandika hati aangalie namba mpya kwanza.

Ndugu yetu hakumgusa marehemu. Imekuwaje akahukumiwa kunyongwa?

Kwa sababu sheria haimtazami aliyepiga peke yake. Kifungu cha 22 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinamhesabu kuwa mtenda kosa hata yule aliyesaidia, aliyewezesha, aliyeshawishi au aliyemtuma mwingine. Kifungu cha 23 kinakwenda mbali zaidi. Watu wawili au zaidi wakiwa na nia ya pamoja ya kufanya jambo lisilo halali, na katika kulifanya likatendeka kosa ambalo lilikuwa tokeo la kutarajiwa la jambo hilo, kila mmoja wao huchukuliwa kuwa amelitenda.

Tuseme vijana watatu wanakwenda kuvunja duka usiku na mmoja wao ana bunduki. Mlinzi anauawa. Aliyebaki nje na pikipiki hakumwona hata mlinzi, lakini upande wa mashtaka utasema kifo kilikuwa kinatarajiwa mtu anapokwenda kuiba na bunduki. Halafu kuna kifungu cha 200, kinachoeleza nia ovu. Ndani yake imo pia nia ya kutenda kosa ambalo adhabu yake inazidi kifungo cha miaka 3. Vifungu hivyo vikiunganishwa, wa pikipiki anajikuta kwenye kosa la mauaji, ambalo adhabu yake pekee kwa kifungu cha 197 ni kifo.

Zingatieni lakini kwamba nia ya pamoja yenyewe ni jambo la kuthibitishwa. Upande wa mashtaka haupewi bure kwa sababu tu majina yameandikwa kwenye hati moja ya mashtaka.

Kwani kuwepo tu eneo la tukio kunatosha kumtia mtu hatiani?

Hakutoshi, ila jibu hilo lina mtego, na ndipo rufaa nyingi hushinda au kuanguka.

Uamuzi unaonukuliwa mara kwa mara ni wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki wa 1943, kesi ya Tabulayenka kutoka Uganda. Watu walimpiga mtu waliyemwita mwizi mpaka akafa. Mahakama ikasema si lazima wawe wamekaa kikao na kukubaliana kabla. Nia ya pamoja inaweza kuonekana kutokana na kuwepo kwao, vitendo vyao, na kushindwa kwao kujitenga na shambulio lile. Kila anayejua yowe la mwizi linavyokusanya watu kijijini anaelewa hatari ya maneno hayo.

Hayo mambo matatu lakini yanasomwa kwa pamoja. Aliyefika kwa sababu ya kelele, akasimama, akaangalia na kuondoka, amekuwepo, lakini kitendo chake ni kipi? Mwendesha mashtaka akishindwa kutaja kitendo, hata cha kuzuia njia, kushika miguu au kupaza sauti ya "ua huyo", hoja ya nia ya pamoja inabaki na mguu mmoja.

Kazi ya rufaa ya aina hii, ukiondoa mapambo yote, ni kumtenganisha mrufani na kundi. Chukua mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu ya yote yaliyosemwa mahakamani, pitia kila shahidi, na uandike kila mahali jina au namba ya mshtakiwa wako inapotajwa. Mfano huu ni wa kubuni, lakini wanaosoma mienendo watautambua. Ukurasa wa 34 shahidi wa pili anasema, "Niliwaona washtakiwa wote wakimshambulia marehemu kwa fimbo na mawe." Ukurasa wa 36, akihojiwa na wakili wa utetezi, anasema, "Mshtakiwa wa nne alikuwa amesimama karibu na mwembe. Sikuona ameshika kitu." Hukumu ikinukuu ukurasa wa 34 na kuruka wa 36, mmepata sababu ya rufaa iliyo nzito kuliko kurasa kumi za malalamiko.

Rufaa inakwenda wapi, na muda ni kiasi gani?

Mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu, au na Hakimu Mkazi aliyeongezewa mamlaka. Kote huko rufaa huenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania, ambako majaji watatu huisikiliza. Hiyo ndiyo mahakama ya juu kabisa nchini, na huzunguka mikoani kwa vikao, kwa hiyo rufaa ya Tabora au Bukoba si lazima isikilizwe Dar es Salaam.

Hatua ya kwanza ni notisi ya rufaa, ndani ya siku 30 tangu hukumu. Kwenye jinai, notisi hiyo ndiyo inayofungua rufaa, na hakuna ada ya kusumbuana nayo. Mfungwa huikabidhi kwa Mkuu wa Gereza, na kisheria tarehe ya kuikabidhi gerezani ndiyo inayohesabika, hata kama karatasi itachelewa kufika masjala. Mwambieni ahakikishe tarehe imeandikwa na muhuri umepigwa. Msajili ndiye anayeandaa kumbukumbu ya rufaa. Mrufani akishapewa, ana siku 21 za kuwasilisha hati ya sababu za rufaa.

Wengine hudhani hukumu ya kifo hukatiwa rufaa yenyewe. Jaji anapaswa kumweleza mshtakiwa haki na muda wake, lakini kuchukua hatua ni juu yake. Na dhamana wakati wa kusubiri haipo.

Siku 30 zimeshapita. Ndiyo basi?

Hapana. Yapo maombi ya kuongezewa muda, ambayo kwa notisi ya rufaa yanaweza kupelekwa Mahakama Kuu kwanza. Yanahitaji sababu ya msingi, na Mahakama hutaka kila siku ya ucheleweshaji ielezwe. Kama notisi ilikwama gerezani, au alihamishwa gereza katikati, kiapo cha ofisa magereza kinachothibitisha hivyo hubeba uzito mkubwa. "Sikujua sheria" peke yake kwa kawaida haimvushi mtu. Kama hukumu yenyewe ina kasoro ya kisheria inayoonekana wazi, itajwe pia kwenye maombi.

Hatuna uwezo wa kumlipa wakili.

Kwa mauaji, mrufani hupangiwa wakili kwa gharama ya umma. Lalamiko tunalolisikia ni kwamba wakili na mteja hukutana karibu sana na siku ya kusikilizwa. Hilo lina dawa ya kiasi. Familia iliyokwisha kuandaa orodha ya kurasa, kama tulivyoeleza hapo juu, humpa wakili wa kupangiwa mahali pa kuanzia. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 pia inatambua watoa msaada waliosajiliwa na wasaidizi wa kisheria, na baadhi yao huingia magerezani kusaidia kuandika hati.

Tukiandika tu "ushahidi haukutosha", itakubalika?

Itapokelewa, maana warufani wengi huandika hivyo: "Jaji alikosea kisheria na kimantiki kunitia hatiani ilhali upande wa mashtaka haukuthibitisha kosa bila kuacha shaka." Lakini sababu ya jumla namna hiyo huzaa majibu ya jumla. Taja ni kipengele kipi hakikuthibitishwa.

Mauaji yana vipengele vyake: mtu amekufa, kifo si cha kawaida, mshtakiwa ndiye aliyekisababisha au alishiriki, na alikuwa na nia ovu. Viwili vya kwanza mara nyingi havina ubishi. Daktari ameeleza, mwili umezikwa. Msipoteze kurasa huko. Vita viko kwenye kile cha tatu na cha nne.

Habari njema ni kwamba hii ni rufaa ya kwanza. Mahakama ya Rufani inaweza kuupima ushahidi wote upya na kufikia hitimisho lake yenyewe, ikikumbuka tu kwamba haikuwaona mashahidi kwa macho. Kanuni hiyo ni ya tangu kesi ya Pandya ya 1957. Kwa hiyo mna haki ya kuwaomba majaji wasome mwenendo kama ushahidi mpya mezani.

Na mzigo wa kuthibitisha haumhamii mshtakiwa. Tumeona hukumu zinazotumia aya nyingi kueleza jinsi utetezi ulivyokuwa dhaifu, kwamba alidai alikuwa msibani lakini hakuleta shahidi. Sawa, utetezi ulikuwa dhaifu. Hilo halijazi pengo la upande wa pili, na ni sababu ya rufaa inayosimama kwa miguu yake.

Shahidi anadai alimtambua usiku, kwenye vurugu.

Someni kesi ya Waziri Amani ya 1980. Inapatikana bure TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, na kila wakili wa jinai anaijua. Inataka utambuzi wa macho uwe hauna mwanya wa makosa kabla ya kutegemewa: shahidi alimwangalia mtu kwa muda gani, kutoka umbali gani, kulikuwa na mwanga gani, na alimfahamu kabla au la.

Kwenye mwanga ndiko mashahidi wengi huteleza. "Kulikuwa na mwanga wa taa ya sola." Taa ilikuwa wapi, ndani au nje? Ilimulika upande gani? Tochi ilikuwa mkononi mwa nani? Maana aliyemulikwa usoni haoni aliyeshika tochi. "Mbalamwezi" pia si jibu mpaka ielezwe ilikuwa kali kiasi gani. Hata kumtambua jirani unayemfahamu hakuondoi uwezekano wa kukosea, na hatari hiyo huzidi washambuliaji wanapokuwa wengi na wanakimbia huku na huko.

Jingine ni hili: shahidi alimtaja ndugu yenu lini kwa mara ya kwanza? Katika kesi ya Marwa Wangiti Mwita, 2002, Mahakama ilisema kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo kunampa shahidi uaminifu, na kuchelewa au kukaa kimya bila sababu kunapaswa kumfanya jaji ajiulize. Kama shahidi alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji usiku uleule akasema "wameua" bila kutaja jina, na jina likaibuka wiki tatu baadaye polisi, wekeni hilo juu kabisa ya hati yenu. Kama mwenyekiti mwenyewe hakuitwa mahakamani, ongezeni kesi ya Aziz Abdallah ya 1991: upande wa mashtaka usipomwita shahidi muhimu aliyepo bila maelezo, mahakama inaweza kuamini kwamba angesema kinyume chao.

Mshtakiwa mwenzake ndiye aliyemtaja kwenye maelezo yake.

Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 33, inaruhusu ungamo la mshtakiwa mmoja kuzingatiwa dhidi ya mwenzake, lakini inakataza mtu kutiwa hatiani kwa ungamo hilo peke yake. Ondoeni ungamo lile kichwani, kisha someni ushahidi uliobaki. Kama hakibaki kitu kinachomgusa, rufaa yenu ina nguvu sana.

Ni tofauti kidogo mshiriki anapopanda kizimbani kama shahidi wa Jamhuri. Kisheria hukumu inaweza kusimama juu ya ushahidi wake hata bila kuungwa mkono, ila kwa desturi majaji hutafuta uthibitisho mwingine, kwa sababu mtu wa namna hiyo ana jambo lake la kuokoa.

Alipigwa mpaka akasaini maelezo ya onyo polisi.

Swali la kwanza: alilisema hilo siku maelezo yalipoletwa kama kielelezo? Mshtakiwa akipinga kwamba hakutoa kwa hiari, jaji lazima asimamishe kesi kuu na kuendesha kesi ndogo ndani yake, ya kuamua kama yalitolewa kwa hiari. Akiyapokea bila kufanya hivyo, amekosea. Kama wakili alinyamaza siku ile, kulileta jambo hilo kwa mara ya kwanza kwenye rufaa ni kupanda mlima.

Lakini kuna njia nyingine ambazo hazitegemei kipigo. Angalieni saa. Vifungu vya 50 na 51 vya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai vinatoa saa 4 tangu mtu awe chini ya ulinzi, pamoja na utaratibu wa kuomba nyongeza. Alikamatwa Jumatatu alfajiri, maelezo yakaandikwa Jumanne jioni, na hakuna karatasi ya nyongeza wala maelezo ya safari? Hiyo ni hoja. Kisha angalieni kama kielelezo kilisomwa kwa sauti baada ya kupokelewa. Tangu kesi ya Robinson Mwanjisi ya 2003, nyaraka zisizosomwa zimekuwa zikifutwa kwenye kumbukumbu mara kwa mara. Inaonekana kasoro ndogo, lakini ungamo likifutwa kesi nzima inaweza kubaki mifupa.

Hakuna aliyeona kitu. Walimhukumu kwa ushahidi wa mazingira.

Unakubalika, na kanuni yake ni ngumu. Mazingira yote lazima yaelekee kwa mshtakiwa bila kukatika, na yasiweze kuelezeka kwa namna nyingine yoyote yenye mantiki isipokuwa kwamba ana hatia. Mtu wa mwisho kuonekana na marehemu hutakiwa atoe maelezo. Hapo muulizeni msomaji wa hukumu: kati ya mara ya mwisho kuonekana na mwili kupatikana zilipita saa ngapi, na wangapi wengine waliweza kukutana na marehemu? Mkiwa na washtakiwa kadhaa, mnyororo unatakiwa ukamilike kwa kila mmoja. Simu ya marehemu kukutwa kwa mshtakiwa wa kwanza haimfungi wa tatu.

Alisaidia kuficha mwili, lakini hakujua kabla.

Huyo ni msaidizi baada ya kosa. Ni kosa jingine kabisa, na adhabu yake ni kifungo. Kama ushahidi wote dhidi yake unahusu yaliyotokea baada ya kifo, hakuna nia ya pamoja ya kuua. Rufaa iseme hivyo waziwazi badala ya kukana kila kitu, maana kukana yaliyothibitishwa huwakera majaji na kuwapotosha macho kwenye hoja nzuri.

Mahakama ya Rufani inaweza kuamua nini?

Inaweza kuitupa rufaa. Inaweza kufuta hatia na adhabu na kuamuru aachiwe mara moja, isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali. Inaweza kuona alishiriki lakini hakuwa na nia ovu, ikaweka kuua bila kukusudia, ambako ukomo ni kifungo cha maisha na miaka mingi huwa tayari imekwisha kutumikiwa. Hapo vipimo vya kesi ya Enock Kipela hutumika: silaha gani, nguvu kiasi gani, sehemu gani ya mwili, mapigo mangapi, maneno gani yalisemwa.

Au inaweza kuamuru kesi isikilizwe upya, hasa mwenendo ukiwa na kasoro kubwa. Hilo linaogopwa na familia kuliko hata kutupwa, kwa sababu mtu anarudi mahabusu kuanza moja. Tangu kesi ya Fatehali Manji ya 1966, kesi haitakiwi kurudiwa ili upande wa mashtaka uzibe mapengo yake. Kwa hiyo hata mkiwa na hoja nzuri ya kasoro ya utaratibu, ongezeni kila mara hoja kwamba ushahidi uliopo, hata ukichukuliwa wote, hautoshi.

Angalieni pia umri. Aliyekuwa chini ya miaka 18 siku ya tukio hahukumiwi kifo.

Tumesikia Uingereza walibadilisha sheria hii. Inatusaidia?

Mnaizungumzia kesi ya Jogee ya 2016. Mahakama ya Juu kule ilisema sheria ilipotoka tangu 1984, ilipofanya kuona mbele kwamba mwenzako anaweza kuua kutoshe kukutia hatiani. Kuona mbele sasa ni ushahidi tu wa nia. Ni hoja ya kuvutia, lakini sisi tuna kifungu kilichoandikwa, na maneno yake ni "tokeo la kutarajiwa". Wakili anaweza kuitaja Jogee kwa ushawishi. Kuijengea rufaa nzima hatushauri.

Ndugu yetu yuko Kenya.

Kifungu cha 21 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinafanana sana na chetu cha 23, na kesi nyingi za zamani ni zilezile. Tofauti kubwa ni mbili. Notisi ya rufaa huko ni ndani ya siku 14. Na tangu uamuzi wa Muruatetu wa 2017, kifo si adhabu ya lazima kwa mauaji, kwa hiyo kiwango cha ushiriki wa mtu kina nafasi kwenye adhabu hata akibaki na hatia.

Siku ya kusikilizwa kunakuwaje?

Ni kwa muda mfupi kuliko mnavyofikiri. Hakuna mashahidi. Majaji wamekwisha kusoma. Wakili wa mrufani anaeleza sababu, Wakili wa Serikali anajibu, na maswali huja kutoka mezani. Wakati mwingine Wakili wa Serikali husimama na kusema anaiunga mkono rufaa. Msishangilie. Majaji hawafungwi na kauli hiyo na wataupima ushahidi wenyewe. Hukumu huweza kutolewa siku nyingine ndani ya kikao hichohicho au baadaye.

Rufaa ikitupwa, kuna mlango mwingine?

Mapitio, ndani ya siku 60, mbele ya Mahakama hiyohiyo. Sababu zake ni finyu: kosa la wazi kwenye hukumu lililoleta dhuluma, kunyimwa haki ya kusikilizwa, hukumu iliyopatikana kwa hila, na nyingine chache. Maombi yanayorudia "ushahidi haukutosha" hutupwa, maana hiyo ni rufaa iliyovaa koti jingine.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, na mwaka 2019, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, ilisema adhabu ya kifo ya lazima inakiuka haki ya kuishi. Lakini Tanzania iliondoa ridhaa yake ya watu binafsi kufungua mashauri huko, na uamuzi huo ulianza kufanya kazi Novemba 2020, hivyo mfungwa wa leo hawezi kwenda moja kwa moja. Inabaki huruma ya Rais, ambaye anaweza kubadilisha hukumu ya kifo kuwa kifungo.

Tuje na nyaraka gani?

Nakala ya hukumu, mwenendo wa shauri wote pamoja na wa kesi ndogo kama ilikuwepo, hati ya mashtaka, vielelezo, na notisi ya rufaa yenye muhuri wa gereza. Vikiwa havijakamilika, njooni na mlivyo navyo pamoja na namba ya kesi na jina la masjala. Msitoe nakala halisi kwa mtu yeyote anayedai ana njia ya mkato kwa majaji, na fedha pia msimpe.